Risasi Kumi za Mama Nukta

Kuna kitendawili ambacho hata mtoto wa darasa la kwanza hukitegua kabla hujafunga mdomo: ndugu wawili wanakaa kibaraza kimoja, tangu kuzaliwa hawajaonana. Macho. Lakini kuna kingine ambacho hukijui mpaka umri ukutege wewe kwanza: mgeni gani huyu, ukimsogeza karibu anatoweka, ukimsukuma mbali anarudi? Jibu lake ni kitu chochote kidogo mbele ya macho yaliyozeeka. Mama Nukta alikutana nacho Jumatatu moja asubuhi, amekaa kwenye kibanda chake cha bati, bunduki mapajani, na hapakuwa na mtu hata mmoja wa kumwambia "tega."

Mama Nukta alikuwa mlinzi wa ghala la baruti, kule nyuma ya machimbo ya mawe. Ghala lenyewe lilikuwa nyumba ya zege isiyo na dirisha, imejengwa peke yake mbali na watu, maana baruti ikikasirika haichagui mwema na mbaya. Pembeni kibanda, mbele njia ya vumbi, na kuzunguka kote vichaka na kimya. Mlango wa ghala ulikuwa wa chuma na una kufuli mbili. Ufunguo mmoja alikaa nao Mama Nukta, wa pili alikaa nao fundi wa kulipua mawe. Ukiwa na mmoja huna kitu. Lazima muwe wawili, bega kwa bega, kila mtu na kufuli yake, ndipo mlango ukubali.

Jina la Nukta alipewa na bunduki. Miaka ishirini na miwili nyuma, alipokuwa mwanamke wa kwanza wa kampuni ile ya ulinzi kukabidhiwa silaha, wanaume walijipanga uwanjani kuja kucheka. Alipiga risasi kumi. Walipokwenda kuitazama karatasi walikuta matundu yote yamekaa mahali ambapo ungeweza kupafunika kwa kiganja cha mtoto. Mkufunzi wa siku hizo akasema, "Hii si shabaha tena, hii ni nukta." Kicheko kikaisha, jina likabaki.

Basi, walinzi wa kampuni ile wana lugha yao. Kile kichuma kidogo kilichosimama kwenye ncha ya mtutu wanakiita jino. Ule mkato wa nyuma, karibu na jicho, wanauita pengo. Jino likae katikati ya pengo, na juu ya jino akae unayemtaka. Elimu yote ya bunduki ni hiyo, mengine ni kushusha pumzi.

Jumatatu hiyo Mama Nukta alikuwa amemaliza kusafisha bunduki, akaiinua begani kulenga kisiki cha mti kilichokuwa ng'ambo ya njia, kama alivyofanya kila Jumatatu. Pengo aliliona kwa taabu. Jino hakuliona. Mahali pa jino palikuwa na kitu kama unyoya wa pamba, kinaelea. Akashusha bunduki, akafuta jino kwa kitambaa. Akalenga tena. Pamba. Akafuta tena, kwa mafuta safari hii, akafuta kama mtu anayesugua sufuria ya mkwe. Alifuta mpaka alipoelewa kwamba kinachotakiwa kufutwa hakipo kwenye bunduki.

Saa mbili ikafika, na Mzee Baruti akatokea njiani na mwendo wake wa kuburuta mguu wa kushoto. Huyo ndiye fundi wa kulipua mawe. Alikuwa rafiki wa marehemu mume wa Mama Nukta, aliyeendesha mashine ya kusaga kokoto hapo hapo machimboni, na kwa hiyo waliitana shemeji. Miaka thelathini ya milipuko ilikuwa imekula masikio yake. Sikio la kushoto lilikufa kabisa, la kulia lilikuwa linapokea wageni wachache tu, wale wanaobisha hodi kwa nguvu.

"Shemeji, umeamkaje?"

"Nimeamka, hilo ndilo jambo kubwa."

"Eti?"

"NIMEAMKA!"

"Ah, hilo naliona mwenyewe."

Wakasimama mbele ya mlango, kila mmoja na ufunguo wake. Mama Nukta alipaza sauti upande wa sikio zima: "Kitendawili!"

"Tega!"

"Mzee wangu ana jicho moja, akikohoa mara moja watu wazima wote wanalala chini."

Mzee Baruti alifikiri huku akizungusha ufunguo. "Mwalimu mkuu wetu wa shule. Alikuwa na chongo, na akikohoa tu, darasa zima chini ya madawati."

"Sikumuuliza mwalimu wako. Umeshindwa, toa mji."

"Nimekupa mji huu mzima. Na machimbo yake, na vumbi lake, na meneja wake."

"Meneja baki naye. Ni bunduki."

"Aaa!" Mzee Baruti akapiga paja. "Na umeikumbatia hapo hapo unanitazama!"

Wakafungua, mzee akahesabu fimbo zake za baruti, akatia sahihi kitabuni, wakafunga, kila mtu kufuli yake, akaondoka na mguu wake. Saa kumi jioni angerudi na zilizobaki, na kitendawili kingine kingetegwa. Robo saa asubuhi, robo saa jioni. Hiyo ndiyo ilikuwa jumla ya maneno ya Mama Nukta kwa siku.

Kwa maana nyumbani hapakuwa na maneno. Mumewe alipofariki, miaka sita nyuma, alihama nyumba ya familia akapanga chumba kimoja katika safu ya vyumba vinane. Alitoka alfajiri watu wamelala, akarudi milango imefungwa na sufuria zinasikika ndani. Jumapili aliomba zamu za wenzake. Wao walimsifu: mama yule mchapakazi, mama yule chuma. Hawakujua kwamba Jumapili ndani ya chumba kile ilikuwa na saa arobaini. Mwanawe wa pekee aliishi mbali na mkewe, na alipiga simu kila Jumatano. "Mama hujambo? Umekula? Afya? Haya mama, chaji inaisha." Chaji ya mtoto yule, sijui ni simu ya namna gani, iliisha kila Jumatano kwenye swali lile lile.

Sasa ilibaki miezi miwili kabla ya mtihani wa mwaka. Kila mlinzi mwenye silaha hupelekwa uwanjani, risasi kumi, hatua hamsini, na saba lazima ziingie ndani ya duara jeusi. Ukipata sita, unarudisha bunduki. Na bila bunduki hakuna ghala. Kwa mtu aliyebakiza miaka mitatu kustaafu kampuni haitafuti kiti kingine. Inatafuta barua ya shukrani na saa ya ukutani. Mama Nukta hakuiogopa barua. Aliogopa kile chumba saa nne asubuhi.

Akaenda kwa daktari wa macho.

Daktari alikuwa binti mpole mwenye mikono ya baridi. Alimwonyesha herufi ukutani, akamwangazia kitochi, akamwekea vioo, akaviondoa, kisha akauliza swali ambalo ndilo lililobeba kila kitu: "Bibi, unataka kuona nini hasa?"

Mama Nukta alijua jibu. Lakini alijua pia kwamba kampuni huwaleta walinzi wake kwenye kliniki hiyo hiyo, na karatasi hutembea kuliko watu. Akasema, "Kusoma tu, mwanangu. Kitabu changu cha dini. Herufi zimekuwa sisimizi."

"Na kitabu unakishika umbali gani?"

Mama Nukta akanyoosha mikono kama mtu mwenye kitabu. "Hapa."

Akapewa miwani ya kusomea, nzuri, ya fremu ya kahawia. Kesho yake kibandani akaivaa, akainua bunduki. Lo! Pengo lilisimama wazi mpaka mikwaruzo yake ikahesabika. Jino, ambalo liko mbele kupita mkono na nusu, likabaki pamba ile ile. Na kisiki kilichokuwa ng'ambo ya njia kikayeyuka kabisa, kama sukari kwenye chai. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Mama Nukta iliishia sentimita arobaini.

Alikaa na kichwa kizito. Mchana ulikuwa wa jua kali, na yeye akaegemeza paji la uso kwenye bati la kibanda, macho wazi bila kutazama kitu. Bati lile lilikuwa na tundu la msumari wa zamani. Jicho lake la kulia likajikuta mbele ya tundu, na kule nje, ng'ambo ya njia, kisiki kikasimama. Na nyufa zake. Na mchwa wamejenga ubavuni. Na ndege mdogo juu yake, anajikuna kwa mdomo.

Akaondoa jicho kwenye tundu: ukungu. Akarudisha: ndege. Akaondoa, akarudisha. Akacheka peke yake, kicheko cha sauti, mpaka ndege akaruka.

Hakusoma sana Mama Nukta, aliishia darasa la saba, na hakujua kwa nini mwanga ukipita mahali pembamba huja na adabu. Alijua tu kwamba umekuja. Jioni ile alitoa sandukuni miwani ya jua ya marehemu mumewe, akang'oa vioo vyote viwili, akabandika upande wa kulia utepe mweusi wa mafundi umeme, akautoboa katikati kwa sindano. Kesho yake akainua bunduki. Jino likasimama katika pengo kama msumari. Kisiki juu yake. Vyote vitatu pamoja, kama zamani.

Ila kulikuwa na gharama. Kupitia tundu lile dunia ilikuwa imebaki na ukubwa wa kifungo cha shati. Ili aone kisiki ilibidi kwanza akitafute, kushoto, kulia, kama anayetafuta swichi gizani. Akikipata, kilikuwepo kisiki peke yake. Njia haipo, vichaka havipo, mbingu haipo. Lakini akajiambia, uwanjani sitafuti kitu kingine zaidi ya duara.

Mzee Baruti alimkuta nayo usoni.

"Shemeji! Umekuwa haramia?"

Mama Nukta akataka kuificha, kisha akaona ya nini, akamweleza yote, kwa sauti ambayo kama vichaka vingekuwa na masikio, siri ingekuwa imekwisha siku hiyo hiyo. Mzee Baruti alisikiliza ameinamisha sikio la kulia.

"Mimi kinywa changu kimefungwa," alisema mwishowe. "Wakianza kupima macho yako, kesho watapima masikio yangu. Tutafukuzwa kwa barua moja, kubana matumizi." Akacheka. Kisha akasema, "Juzi pale geti kuu, yule mlinzi Ndevu alinipigia kelele simama, simama. Mimi natembea zangu. Nikastukia nimekamatwa kola. Nikamwambia, wewe, ungeniandikia."

Wakacheka wote wawili, wakafungua mlango.

Siku ya mtihani jua lilikuwa jema. Uwanja wa shabaha ulikuwa bonde lenye kuta za udongo, na mwisho wake zimesimamishwa mbao sita, kila moja na karatasi yenye duara jeusi, na chini yake kibao cha namba. Mkufunzi alikuwa Sajini, mstaafu wa jeshi, tumbo limemtangulia cheo. Walinzi walikuwa kumi na wawili, wakagawanywa sita sita. Mama Nukta akapewa nafasi ya tano. Kushoto kwake, nafasi ya nne, akalala Ndevu, yule mlinzi wa geti kuu, mwanamume wa miaka kama thelathini na tano, mwenye ndevu ambazo kampuni ilishindwa kuzipiga marufuku.

"Mama Nukta, utuonee huruma leo," Ndevu alimnong'oneza. "Ukishatoka wewe, sisi tunaonekana tumetupa mawe."

"Lala, mwanangu. Bunduki haipendi maneno."

Akasubiri wote watazame mbele, ndipo akavaa miwani yake ya tundu.

"Piga kwa nafasi yako!" alinguruma Sajini.

Mama Nukta akafumba jicho la kushoto, akaingia ndani ya kifungo chake cha shati. Kwanza udongo. Akasogeza mtutu polepole. Udongo, ubao, karatasi, duara. Hilo hapo, jeusi, zuri, limetulia. Jino likapanda katikati ya pengo. Akashusha pumzi. Wakati ule upweke wake wote ulimpa nafasi kidogo, ukakaa pembeni. Hapakuwa na chumba, hapakuwa na Jumatano. Palikuwa na jino na duara. Akapiga ya kwanza, na akajua kwa bega kwamba imefika. Ya pili. Ya tatu. Mpaka ya kumi alikuwa anatabasamu, shavu liko kwenye kitako cha bunduki.

"Salama! Silaha chini!"

Akavua miwani, akaitia mfukoni, akanyanyuka kwa magoti mawili yanayolalamika. Wakaenda wote kutazama karatasi.

Ya tano ilikuwa safi. Safi kama ilivyotoka dukani. Mama Nukta akaipapasa kwa kiganja, akidhani ni macho tena. Haikuwa na tundu hata moja.

"Afande! Afande, njoo uone maajabu!" Ndevu alikuwa anaita pale penye ya nne. "Risasi zangu zimezaana! Nimepiga kumi, nimevuna kumi na tisa!"

Watu wakacheka wakasogea. Tisa kati ya matundu yale yalikuwa yametawanyika huku na huku, kama kuku waliotupiwa jiwe. Ya kumi ya Ndevu ilikuwa imekwenda kuishi na udongo. Lakini kumi nyingine zilikuwa zimekaa pamoja, katikati kabisa ya duara, mahali ambapo ungeweza kupafunika kwa mdomo wa kikombe. Kicheko kikapungua chenyewe, mmoja mmoja. Katika kampuni ile hakuna asiyejua ni nani anayetia sahihi namna hiyo.

Ndevu akaangalia karatasi, akamwangalia Mama Nukta, akakuna ndevu. "Basi, mama," alisema taratibu, "umenipiga mimi."

Sajini akamchukua kando, penye kivuli cha ukuta wa udongo.

"Mama, imekuwaje?"

Mama Nukta akatoa miwani mfukoni. Sajini akaigeuza, akaitazama kama mtu aliyeletewa panya. Kisha akaivaa, akafumba jicho moja, akatazama mbali.

"Ewaa!" alisema. "Wallahi naona mpaka kichwa cha msumari kule. Mara ya mwisho kuona hivi nilikuwa na nywele." Akaivua, akamrudishia. "Sikiliza. Kupiga karatasi ya jirani ni kosa linalotokea. Mimi mwenyewe liliwahi kunipata, nikiwa kijana na macho yangu mawili. Kitabuni sijaandika. Rudia. Ndevu atakaa pembeni yako akuonyeshe ya kwako ni ipi. Kumi nyingine, tumalize, mambo yaishe."

Ni nani angekataa? Mama Nukta alirudi akalala chini. Ndevu akachuchumaa ubavuni kwake.

"Hiyo siyo, mama, hiyo ni yangu. Kulia kidogo. Kulia. Ndiyo hiyo, simama hapo."

Duara la tano likaja, jeusi, limetulia. Jino likapanda. Pumzi ikashuka. Kidole kikagusa kifyatulio, na alijua, kama mtu anavyojua mlango wake, kwamba hiyo itafika, na tisa nyingine zitaifuata. Miaka mitatu ilikuwa imelala pale mbele ya kidole chake.

"Ndevu," alisema bila kuinua shavu.

Sauti ikajibu kutoka upande ambao hakuutegemea, nyuma, kushoto. Ndevu alikuwa amehama kukwepa jua, amezunguka miguuni kwake, na yeye hakumwona kwenda. Mtu mzima na ndevu zake amepita dunia nzima, na katika kifungo cha shati hakuna kilichotikisika.

Mama Nukta akaona ghala. Njia ya vumbi, saa kumi jioni, kitu kinachakarisha vichaka. Yeye ameinua bunduki, anatafuta na tundu lake: jani, jani, kipande cha shati. Shati la nani? Anapaza sauti, simama, nani wewe? Na mwenye shati hasimami. Hasimami kwa sababu hasikii. Anakuja zake na mguu wake, na mfuko wa baruti zilizobaki. Na pale ghalani hapatakuwa na mtu wa kumwambia, mama, hiyo siyo, kulia kidogo. Risasi itafika. Hilo ndilo lililomtia baridi, kwamba itafika pale pale anapoipeleka.

Akaondoa kidole. Akafungua bunduki, akatoa risasi moja moja, akazipanga juu ya gunia la mchanga lililokuwa mbele yake. Akavua miwani, na dunia ikamrudia, kubwa, ina ukungu, imejaa watu waliosimama.

"Andika sifuri, Afande."

"Mama, nafasi nimekupa mimi mwenyewe."

"Nimeiona, na Mungu akulipe. Andika. Risasi kumi nimempiga jirani, wala sikujua mpaka aliponiambia."

Sajini alishika kalamu muda mrefu bila kuandika. Kisha akaandika.

Mlinzi mpya aliletwa ghalani siku ya Alhamisi. Mama Nukta alimwonyesha kitabu, kibanda, mahali ambapo mvua huingilia. Akamwambia, "Mzee anayekuja saa mbili na saa kumi, anaburuta mguu wa kushoto. Hasikii. Usimwite, nenda ukamwone uso. Umenielewa? Kamwone uso." Akamfanya arudie mara tatu.

Mzee Baruti alikuja. Wakasimama watatu mbele ya mlango wa watu wawili. Mama Nukta akaweka ufunguo wake kwenye kiganja cha yule mpya, ukiwa na joto la mfuko wake.

"Kitendawili!" alisema Mzee Baruti ghafla. Katika miaka yote hakuwahi kutega yeye.

"Tega!"

Akafungua mdomo. Akatazama juu, akatazama kufuli. "Kilikuwepo. Nimekuja nacho njia nzima. Kimenitoka." Akatikisa kichwa. "Nitakikumbuka kesho, shemeji."

Yule mpya akatia ufunguo kwenye kufuli.

"Utakikumbuka," alisema Mama Nukta, kwa sauti ndogo ambayo mzee hangeweza kuisikia, akampa mkono.

Alitembea kurudi nyumbani. Ilikuwa saa nne asubuhi, saa ile ile aliyoiogopa. Begani, mahali pa mkanda wa bunduki, palikuwa pepesi mpaka akawa anatembea upande. Mtaa wake aliujua gizani tu, na kwenye mwanga aliupita mara ya kwanza kama mgeni, akapotea njia ya kuingilia, akarudi. Uani pa vyumba vinane palikuwa na kamba zimevutwa kutoka ukuta hadi ukuta, nguo zinadondosha maji, redio inaongea mahali, harufu ya sabuni. Akatoa ufunguo wa chumba chake, akawa anatafuta tundu la kitasa kwa kidole.

"Unamtafuta nani, mama?"

Mwanamke mmoja, khanga kifuani, mikono ina povu hadi kwenye viwiko, alikuwa amesimama nyuma yake. Hakuuliza kwa ubaya, ila alikuwa amesimama kama mtu wa ulinzi.

"Simtafuti mtu. Ninakaa hapa."

"Hapo? Hapo si stoo ya mwenye nyumba?"

"Ni chumba changu."

"Tangu lini?"

"Miaka sita."

Mwanamke akafunika mdomo kwa mkono wenye povu. "Mama yangu! Mimi nina mwaka na miezi hapa, mlango wa pili tu. Watoto wangu wanaegemeza baiskeli kwenye mlango wako! Si ungesema hata hodi?" Akacheka, povu kwenye kidevu, halafu akaona uso wa Mama Nukta, akaacha. Akatazama huku na huku, kama anayetafuta neno, akakosa, akapata beseni. Ndani yake kulikuwa na shuka kubwa la kitanda, zito kwa maji.

"Mama, una nafasi? Hili peke yangu linanishinda. Shika huko."

Mama Nukta akaweka ufunguo mfukoni, akashika ncha mbili. Mwanamke akarudi nyuma hadi shuka likanyooka kati yao. Kwa umbali ule Mama Nukta alimwona uso vizuri, mpaka kidoti cheusi chini ya jicho.

"Wewe zungusha kulia, mimi kushoto. Kaza. Kaza, mama, usiniachie! Khaa, una mikono wewe! Ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Nilikuwa mlinzi."

"Ndiyo maana."

Maji yakamwagika kwenye viatu vyake vya kazi, akayaacha yamwagike. Wakakunjua, wakatundika. Mwanamke akajifuta paji la uso kwa mkono.

"Kuna na mapazia," alisema.

"Lete," alisema Mama Nukta.